Simu Isiwe Mlezi wa Mtoto



Tunapotembelea familia katika jumuiya ndogondogo, mara nyingi tunamkuta mtoto wa miaka miwili ameinamia simu. Anataja rangi kwa Kiingereza bila kukosea, lakini bibi akimwita, haitiki. Wazazi hufurahi: "Anajifunza!"

Hatuzipingi video hizo. Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, huwafundisha watoto herufi na namba kwa Kiswahili, nasi tunashukuru. Swali letu ni moja: nani ameketi kando ya mtoto?

Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu aliye mbele yao waliweza kuzipambanua sauti za lugha hiyo. Waliomwona kwenye video tu hawakuweza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi, ndugu wazazi, tazameni pamoja na mtoto. Video ikitaja mbuzi, mpelekeni akamwone. Kisha zimeni simu, mzungumze naye. Hata ishara ya msalaba, mtoto huijua kwa kushikwa mkono.