ALIYESEMA ASITOZWE FAINI

Ndugu wanachama,

Habari ya mashine yetu ya kusaga mmeshaisikia kisimani na kilabuni, kila mtu kwa namna yake. Ilivyokuwa ni hivi. Jumanne jioni mama mmoja aliinama kuchukua debe lake, pembe ya kanga ikanaswa na mkanda wa mashine. Kanga ikaenda na mkanda, mama akabaki na gauni lake, mzima. Watu wakacheka, wengine wakamshukuru Mungu, wakabeba unga wao wakaenda zao.

Ndugu mwendesha mashine hakucheka. Alizima injini, akaja mwenyewe kutueleza kwamba lile bati la kufunika mkanda lilitolewa siku ya kubadilisha mkanda na halikurudishwa. Sasa wapo wanaosema atozwe faini. Sisi tunasema hapana, na mkutanoni tutasema hivyo hivyo.

Jamani, mkimtoza leo, kesho nani atasema? Mkanda utanasa tena, mtu atanyamaza, mpaka siku utakaponasa mkono. Na sisi tukiri. Mwaka jana magunia yaliporomoka ghalani, hatua moja tu nyuma ya vijana wawili. Tulijua. Hatukuandika popote kwa kuwa hakuna aliyeumia, na magunia yanapangwa vile vile hadi leo. Lawama hiyo ni ya ofisi, si ya vijana.

Mmarekani mmoja wa kazi ya bima, Heinrich, aliandika mwaka 1931 kwamba penye ajali moja kubwa zipo ndogo 29, na nyingine 300 zisizomuumiza mtu. Wataalamu wa baadaye wamezibishia hesabu zake, nasi hatuzing'ang'anii. Lakini mkanda uliochukua kanga ndio huo huo utakaochukua mkono. Tofauti ni shibiri moja.

Basi tunataka daftari liwekwe pale mashineni, na kalamu ifungwe kwa kamba (kalamu za hapa kijijini zina miguu). Aliyenusurika, au aliyeona, aandike siku, mahali na kilichotokea. Jina si lazima. Asiyejua kuandika, kama tulivyokuwa sisi kabla ya darasa la kisomo, amwambie mwenzake amwandikie. Kamati isome kila Jumamosi na ijibu hapa hapa ukutani: kimetengenezwa nini, na nani, lini. Daftari lisilojibiwa litaishia kufungia maandazi.

Bati limerudishwa jana kwa boliti nne. Likitolewa, mashine isiwashwe, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Mkutano ni Jumapili saa nne asubuhi, chini ya mwembe.

Katibu wa Tawi