Tuikague Sakafu Kabla ya Viatu

Barua nyingi mlizotuandikia kuhusu watunzaji wanaoanguka kazini zinashika wimbo mmoja: alivaa malapa, alikuwa na haraka, hakuangalia anapokanyaga. Hoja hiyo imenikera, na nimelipanga toleo hili kuipinga.

Chukueni nyumba ya familia ya kupanga hapa Kabiria iliyogeuzwa makao ya wazee. Vigae ni vya sebuleni, vinateleza vikilowa. Mlango wa bafu una kizingiti. Siku ya mgao mfereji hukauka, maji huletwa kwa mitungi na kumwagika koridoni. Usiku stima zinapotea, na mtunzaji aliye peke yake zamuni anampeleka mzee msalani. Amemshika kwa mikono miwili. Hana mkono wa kushika ukuta, wala haoni miguu yake. Kiatu gani kitamwokoa?

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 haimtaki aliyeumia athibitishe kosa la mwajiri. Kinachoweza kumnyima fidia ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumzuii aliyepata ulemavu mkubwa. Kukimbia kumdaka mzee anayeyumba si utovu. Mwajiri naye, akishajulishwa, ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asipoipeleka, aliyevunja sheria ni yeye, ilhali anayehojiwa ni mtunzaji mwenye mguu uliovimba.

Humu toleoni wakili wetu anafafanua hukumu ya Mahakama ya Upeo ya Desemba 2019, iliyoacha madai ya fidia yaanzie kwa Mkurugenzi. Mwuguzi wa Waithaka anaandika kuhusu mgongo na kunyanyua wagonjwa. Makala ya viatu vya mpira imo pia.

Mimi nabaki na sakafu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inadai kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Nyumba yenye watunzaji sita haifikii hapo. Lakini wajibu wa kuweka mahali salama haungoji idadi. Kila makao, hata madogo, yamteue mtunzaji wa zamu ya usiku aikague njia ya kitandani hadi msalani kila mwezi, aandike kasoro daftarini, na mwenye makao atie sahihi. Mtu akianguka palipokwisha kuandikwa, hoja ya malapa haitakuwa na pa kusimama.