Walisema Wenyewe

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimalizika mwaka 1865 baada ya kuua wanajeshi wapatao 620,000, na wapo wanahistoria wanaoona idadi hiyo ni ndogo. Mwaka uliofuata mhariri mmoja wa Richmond, Virginia, Edward Pollard, alichapisha kitabu alichokiita The Lost Cause, na simulizi nzima ya walioshindwa ikajulikana kwa jina hilo: Kusini ilipigana kwa heshima, kwa ajili ya kila kitu isipokuwa utumwa. Simulizi hiyo imelelewa na vitabu vya shule, filamu na sanamu za viwanjani, na watetezi wake hawajaisha. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuyachukue madai yake moja moja, na mashahidi wetu wakuu wawe watu wa Kusini wenyewe, kwa maneno waliyoyatamka kabla hawajajua kwamba watashindwa.

Dai la kwanza: Kusini ilipigania haki za majimbo

Haki ya kufanya nini? South Carolina ilijitenga Desemba 1860, ikatoa tamko la kueleza sababu. Lalamiko lake kubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yalikuwa yakitunga sheria za kukwepa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Kwa maneno mengine, Kusini ilikasirika kwa sababu majimbo mengine yalitumia haki zao, na ilitaka serikali kuu iyalazimishe kutii sheria ya mwaka 1850 ya kuwakamata watoro. Mississippi haikuzunguka: ilitamka wazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Kisha majimbo yaliyojitenga yakaandika katiba yao, iliyolikataza bunge lao kutunga sheria yoyote ya kudhoofisha umiliki wa watumwa, na kumhakikishia bwana haki ya kupita na watumwa wake katika jimbo lolote.

Shahidi mzito kuliko wote ni Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini. Tarehe 21 Machi 1861, mjini Savannah, aliuambia umati kwamba jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mzungu, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Baada ya vita aliandika kitabu cha majuzuu mawili akidai ugomvi ulikuwa juu ya mamlaka ya serikali kuu. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa ameshindwa, na utumwa haukuwa tena jambo la kujivunia mbele ya dunia.

Dai la pili: Chanzo kilikuwa ushuru wa forodha

Ushuru uliokuwa ukitozwa mwaka 1860 ulitokana na sheria ya mwaka 1857, iliyokuwa nafuu na iliyoungwa mkono na wabunge wa Kusini. Sheria iliyoupandisha ilitiwa saini tarehe 2 Machi 1861, wakati majimbo saba ya kwanza yalikuwa yameshaondoka, na maseneta wao nao hawakuwapo tena kuipinga. Tamko la South Carolina halikutaja ushuru wa forodha hata mara moja.

Dai la tatu: Askari wengi wa Kusini hawakuwa na watumwa

Ni kweli kwamba askari wengi hawakumiliki mtumwa kwa jina lao. Lakini kijana wa miaka 20 aliishi kwa mali ya baba yake, na katika majimbo 11 yaliyojitenga karibu familia moja kati ya tatu ilikuwa na watumwa. Mississippi na South Carolina zilikaribia nusu. Asiyekuwa na mtumwa aliweza kumkodi wa jirani, au alitumaini kumnunua wake siku moja. Watumwa walikuwa karibu milioni 4, na thamani yao sokoni ilizidi ile ya reli na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa.

Wakubwa walijua pia namna ya kuzungumza na mzungu fukara. Desemba 1860 gavana wa Georgia, Joseph Brown, aliwaonya maskini wa jimbo lake hadharani kwamba utumwa ukifutwa, mtu mweusi atakuwa sawa nao. Waliombwa kutetea hadhi, hata kama hawakuwa na mali.

Dai la nne: Lincoln mwenyewe hakujali watumwa

Hapa kuna nusu ya ukweli. Rais Abraham Lincoln aliingia madarakani akiahidi kutougusa utumwa pale ulipo, bali kuuzuia usienee katika maeneo mapya ya magharibi. Mwanzoni alipigana ili nchi isivunjike. Lakini sababu ya Kaskazini kupigana ni jambo moja, na sababu ya Kusini kuondoka ni jambo jingine. Kusini iliona ile ahadi ya kuuzuia utumwa inatosha kuwa tishio, ikaondoka.

Walioyageuza malengo ya vita ni watumwa wenyewe. Mei 1861 wanaume watatu walitorokea Fort Monroe, Virginia, na Jenerali Benjamin Butler wa Kaskazini akakataa kuwarudisha. Maelfu wakafuata. Tangazo la Ukombozi la Lincoln la 1 Januari 1863 lilifungua milango ya jeshi, na wanajeshi weusi wapatao 180,000 wakapigana upande wa Muungano, yaani Kaskazini.

Na Kaskazini haikuwa na mikono misafi. Viwanda vya Massachusetts vilisokota pamba iliyochumwa na watumwa, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta Zanzibar ikiwa merikani, kitambaa kilichovaliwa mwambao na bara. Vita vilipokata pamba, merikani nayo ikaadimika huku. Wanufaika wa utumwa walikuwa wengi. Yaliyojitenga ili kuulinda yalikuwa majimbo ya Kusini.

Dai la tano: Maelfu ya watu weusi waliipigania Kusini

Walikuwapo kambini, naam: wapishi, wachimba mahandaki, waendesha magari ya nyumbu, watumishi wa maofisa. Walipelekwa kama mali. Jenerali Patrick Cleburne alipopendekeza Januari 1864 kuwapa silaha na uhuru, Rais Jefferson Davis aliamuru wazo hilo lizimwe. Mwaka mmoja baadaye Howell Cobb wa Georgia aliandika kwamba mtumwa akiweza kuwa askari mzuri, basi nadharia yao yote ya utumwa ni batili. Sheria ya kuandikisha askari weusi ilipita tarehe 13 Machi 1865. Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, alisalimu amri tarehe 9 Aprili.

Dai la sita: Kuondoa sanamu ni kufuta historia

Tazama zilisimamishwa lini. Lee alipandishwa juu ya farasi wake Richmond mwaka 1890, mwaka uleule Mississippi ilipoandika katiba ya kuwanyang'anya weusi kura. Chuo Kikuu cha North Carolina kilizindua sanamu ya askari wa Kusini mwaka 1913. Msemaji wa siku hiyo, Julian Carr, alijisifu jukwaani kwamba aliwahi kumchapa viboko mwanamke mweusi karibu na hapo. Georgia iliingiza alama ya vita ya Kusini katika bendera yake mwaka 1956, miaka miwili baada ya Mahakama Kuu ya nchi kupiga marufuku ubaguzi mashuleni.

Tazama pia nani alinyimwa sanamu. James Longstreet alikuwa jenerali mwandamizi chini ya Lee. Baada ya vita alijiunga na chama cha Lincoln, na mwaka 1874 aliongoza polisi na wanamgambo, wengi wao weusi, dhidi ya wazungu wenye silaha mjini New Orleans. Alisubiri sanamu yake katika uwanja wa vita wa Gettysburg hadi mwaka 1998. Kama lengo lingekuwa kuhifadhi historia ya vita, asingesahaulika. Lee mwenyewe, alipoombwa mwaka 1869 kushiriki kuweka kumbukumbu za Gettysburg, alikataa akisema ni heri majeraha yaachwe yapone.

Sanamu ya Lee iliondolewa Richmond mwaka 2021. Kambi ya jeshi ya Fort Bragg, iliyobeba jina la jenerali wa Kusini, ilibadilishwa jina mwaka 2023, kisha mwaka 2025 ikarudishiwa jina lile kwa hoja kwamba sasa linamheshimu askari mwingine aitwaye Bragg. Mabishano yataendelea. Kwa anayetaka kuyaamua, mpangilio wa kusoma ni huu: aanze na matamko ya 1860 na 1861, ndipo afungue vitabu vilivyoandikwa baada ya 1865. Walioanza vita walieleza kwa nini, na hakuna aliyewalazimisha.