Hewa safi ina gharama, tusimbebeshe mnyonge peke yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeweka mizani na kutuamrisha tusiipunje. Ndugu zetu katika imani, mizani hiyo si ya dukani pekee. Imo pia katika jambo linalozungumzwa sana duniani hivi sasa, nalo ni mataifa kuufikisha uchumi wao mahali ambapo hewa ukaa inayotoka viwandani, magarini na jikoni haizidi ile inayoondolewa na misitu na njia nyinginezo. Uingereza iliweka lengo hilo katika sheria mwaka 2019, litimie ifikapo mwaka 2050. Tanzania nayo iliahidi mwaka 2021, chini ya Mkataba wa Paris, kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imepunguza hewa hiyo kwa asilimia 30 hadi 35 ya kiasi ambacho kingetoka kama hatua zisingechukuliwa.

Faida zake hatuzikanushi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 bila kuchoma mafuta wala makaa ya mawe. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mama anayepikia gesi huepukana na moshi unaomuumiza yeye na mtoto aliye mgongoni mwake. Misitu ya Uluguru ikisalimika, Mto Ruvu nao husalimika. Mwaka 2022 Ruvu ulipopungua, wakazi wa Dar es Salaam walipata maji kwa mgawo, wakajua thamani ya milima wasiyoiona.

Hata hivyo, kila faida ina mwenye kuigharamia. Nani huyo? Kwa swali hili Matombo, kule Uluguru, ina la kutufundisha.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwapelekea Waluguru mpango wa matumizi ya ardhi. Lengo lake lilikuwa jema, yaani kuzuia udongo usisombwe na mvua kwenye miteremko. Lakini watu waliamrishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa jasho lao bila ujira, na aliyekaidi aliadhibiwa. Hawakuulizwa, na faida hawakuiona. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa.

Nusu karne baadaye, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalikwenda katika milima hiyo hiyo, huko Kibungo Juu, kwa njia nyingine. Wakulima waliombwa kuchimba matuta na kupanda miti kwa hiari, na DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, ikakubali kuchangia malipo yao. Wakulima wakajiunga. Kazi iliyokataliwa ilipokuja kwa amri, ilipokelewa ilipokuja kwa makubaliano na ujira.

Somo hili tunalihitaji leo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni nia njema. Lakini familia inayopata riziki ya siku kwa siku hununua mkaa wa kopo moja, wala haiwezi kulipia mtungi mzima wa gesi kwa mara moja. Bibi wa kijijini haokoti kuni kwa kuupenda moshi. Na kijana anayechoma mkaa, akizuiwa bila kupewa kazi nyingine, atakula nini?

Wapo wasemao kuwa hewa ukaa ya Afrika nzima haifiki asilimia 5 ya ile ya dunia, basi wenye viwanda wahangaike wenyewe. Ni kweli kwamba aliyechafua zaidi ndiye anayepaswa kutoa zaidi, na haki hiyo tuidai. Lakini msitu ukiisha Uluguru, atakayelala na kiu si mtu wa London. Ni sisi.

Kwa hiyo tunasema: gesi na umeme vifike kwa kipimo na bei ambavyo mnyonge anavimudu. Anayeutunza mlima alipwe na anayekunywa maji yake. Na mwanakijiji aulizwe kabla ya amri kutolewa, si baada ya ghasia.

Nasi majumbani tusisubiri serikali peke yake. Waumini wa msikiti mmoja wakichangishana, wanaweza kuinunulia madrasa yao jiko safi, au kumjazia mjane mtungi wake. Hiyo nayo ni sadaka, na moshi usiomfikia yatima kifuani hauendi bure mbele ya Mola wake.

Wabillahi tawfiq.