Matende Nayo ni Ulemavu

Waulize watendaji wetu ni nani anayestahili kuandikwa katika rejista ya watu wenye ulemavu. Watakutajia asiyeona, kiziwi, aliyepooza, aliyekatwa mguu na mwenye ualbino. Ni nadra kumsikia akitajwa mkulima wa mwani wa pwani ya Kilwa ambaye mguu wake umevimba kwa matende.

Kuachwa huko hakutokani na sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haimpimi mtu kwa jina la ugonjwa wake. Inatazama fursa aliyoipoteza ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wenzake, kwa vizuizi vya kimwili, kiakili au kijamii. Mwenye matende hupatwa na homa na maumivu ya mara kwa mara, hushindwa kusimama majini, na huepuka hadhara kwa kuchelea kunyooshewa vidole. Vizuizi vyote hivyo anavyo.

Serikali imefanya kazi ya kusifiwa kugawa kingatiba za ivermectin na albendazole. Lakini dawa hizo hukata maambukizi yanayoenezwa na mbu. Hazirudishi mguu uliokwisha kuharibika.

Je, mtu huyu ashike wapi? Pensheni ya ulemavu ya NSSF ni ya mwanachama aliyechangia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa aliyeumia au kuugua kutokana na ajira yake. Mvuvi wa pweza wa Songosongo hana mwajiri. TASAF hutazama kwanza umaskini wa kaya. Inabaki ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nayo ni mkopo. Hata usipokuwa na riba, mkopo ni deni, na asiyeweza kufanya kazi atalilipa kwa nini?

Wapo wasemao kwamba tukifungua mlango huu kila mgonjwa ataingia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungegawa posho kwa majina ya maradhi. Tukipima uwezo wa mtu, tutatofautisha. Mwenye busha mara nyingi anahitaji upasuaji, kisha arudi kazini. Mwenye matende yaliyokomaa anahitaji huduma ya kudumu na kipato cha uhakika.

Wala tusiseme haiwezekani. Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016, bila kuuliza nani alichangia. Kenya ina ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa chini ya Inua Jamii.

Halmashauri za Lindi zinaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya: ziwapime na kuwaandikisha wenye matende sasa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi bajeti.