Treni ndogo za kujiunganishia: namna gani sanduku la bei ndogo limepotea, na kwa nini wapenzi wake hawapatani

Marekani na Uingereza, watu wanaopenda kutengeneza treni ndogo nyumbani wanalalamika. Masanduku ya bei ndogo, ambamo mtu alikuta vipande na kujiunganishia gari mwenyewe, yamekuwa haba madukani. Kinachouzwa zaidi sasa ni treni zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, nzuri sana kwa macho lakini za bei kali. Nyuma ya malalamiko hayo kuna habari ya viwanda, mishahara na duane.

Wengi wanafikiri ni mchezo wa watoto. Ukweli ni kwamba wanaoufanya zaidi ni watu wazima, na wengi kati yao ni wastaafu. Katika kipimo kinachojulikana zaidi Marekani, kinachoitwa HO, kila sentimita 1 ya treni ndogo inasimamia sentimita 87 za treni ya kweli. Mtu anajenga stesheni, daraja na mlima, anapanga reli, anavuta umeme, anapaka rangi. Ni kazi ya seremala, fundi umeme na mchoraji kwa pamoja.

Boksi la buluu

Kwa Wamarekani wenye umri, mlango wa kuingilia katika kazi hiyo ulikuwa boksi la buluu la kampuni Athearn, ya California. Ndani mlikuwa mwili wa gari la mizigo, tayari umepakwa rangi na kuandikwa jina la kampuni ya reli, pamoja na magurudumu, kipande cha chuma cha kuongeza uzito, na misumari ya kukaza kwa turnevisi. Kwa dola chache, kijana alitoka dukani na gari lake, na jioni ileile lilikuwa juu ya reli. Kampuni Model Die Casting, iliyouza chini ya jina Roundhouse, ilifanya kazi ya namna hiyo pia.

Uingereza ilikuwa na masanduku yake ya Kitmaster na ya Airfix, yaliyotaka gundi na uvumilivu zaidi. Wengi walijifunza humo kukata plastiki bila kuiharibu, kusoma mchoro, na kurekebisha kosa.

Mwaka wa 2004, kampuni Horizon Hobby ilinunua Athearn na Roundhouse pamoja. Miaka michache baadaye, boksi la buluu liliondolewa sokoni. Magari mengi ya kalibu zilezile yaliendelea kuuzwa, lakini sasa yakiwa yamekwisha kuunganishwa.

Hesabu iliyoliua sanduku

Wapenzi wengi wanasema ni uroho wa kampuni. Hesabu inaonyesha jambo lingine. Tangu miaka ya 1990, kampuni nyingi zilihamisha kazi yao China. Hornby, jina kubwa kuliko yote Uingereza, ilifanya hivyo pia. Wakati huo mshahara wa mfanyakazi wa China ulikuwa mdogo sana, hata kuunganisha gari kiwandani kuliongeza bei kidogo tu. Mnunuzi alipoona sanduku la vipande na gari lililo tayari vikikaribiana bei, alichukua gari lililo tayari. Kampuni zikafuata wanunuzi.

Kisha mishahara ya China ikapanda. Viwanda pia vilikuwa vichache: kimoja chao, Sanda Kan, kilitengenezea majina mengi yaliyoonekana dukani kama washindani. Kader ya Hong Kong, mwenye Bachmann, ilipokinunua kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, kampuni kadhaa zililazimika kutafuta kiwanda kingine. Bei ya gari lililo tayari ikapanda, na sanduku la vipande lilikuwa limekwisha kuondoka. Leo gari moja la mizigo la HO linapita mara nyingi dola 40.

Lazima kusema haki: dola ya mwaka wa 1985 ilinunua karibu mara tatu ya ile ya leo. Tena, gari la leo lina ngazi, mabomba na maandishi madogo ambayo boksi la buluu halikuwa nayo. Lakini hata ukihesabu hivyo, kuingia kumekuwa ghali zaidi. Kijana mwenye dola 15 mfukoni hatafuti mabomba madogo. Anatafuta gari la kwanza.

Kambi tatu

Hapo ndipo wapenzi wanapogawanyika. Wa kwanza wanasema kazi yenyewe inakufa. Wanaonyesha Hattons, duka la Uingereza lililoanzishwa Liverpool mwaka wa 1946, ambalo lilitangaza kufunga mwezi wa Januari 2024. Mwezi uleule, klabu ya Warley ilitangaza kwamba maonyesho yake makubwa ya Birmingham hayatafanyika tena.

Wa pili wanajibu kwamba treni ndogo hazijawahi kuwa nzuri kama leo. Kwao, mtu mwenye macho yaliyochoka na mikono inayotetemeka ana haki ya kununua kitu kilicho tayari. Hawasemi uongo, lakini wengi wao wamekwisha kuingia. Hawahitaji tena mlango.

Wa tatu hawalii, wanatafuta njia. Wananunua maboksi ya zamani yanayotoka katika nyumba za marehemu. Wanatumia mashini za 3D, zinazochapa kipande tabaka juu ya tabaka. Wanashika pia kampuni zilizobaki: Accurail ya Illinois ingali inauza magari ya vipande, na Uingereza, Peco ilinunua masanduku ya Parkside mwaka wa 2016 ili yasipotee.

Duane ikaongeza uzito

Mwaka wa 2025, Washington ilipandisha ushuru wa duane juu ya vitu vya China mpaka asilimia 145 mwezi wa Aprili, kisha ikaupunguza mwezi wa Mei. Kwa kampuni ndogo zinazochukua oda za wateja miezi mingi kabla ya treni kutoka kiwandani, mabadiliko ya haraka kama hayo ni hatari: bei iliyoahidiwa inaweza kuwa hasara kabla kontena haijafika bandarini.

Wapo waliotumaini kwamba ushuru ungerudisha kazi nyumbani. Hilo si jepesi. Kalibu za chuma ni za bei kubwa, nyingi ziko China, na mafundi waliojua kuzichonga Marekani na Uingereza wamezeeka ao wamekufa. Kampuni ambayo haikuhama, kama Accurail, ina nafasi nzuri kuliko ile inayotaka kurudi.

Kila kambi ina sehemu ya ukweli. Lakini boksi la zamani halitengenezwi tena, na mashini ya 3D inataka feza na ujuzi wa kompyuta ambavyo mwanafunzi wa kwanza hana. Hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya sanduku la dola chache juu ya meza ya duka. Wastaafu wa leo waliingia kwa sanduku hilo. Kampuni zinazowauzia sasa treni za bei kali zinakula mavuno ya shamba ambalo ziliacha kupanda karibu miaka ishirini iliyopita.