Vya Elfu Kumi Mtandaoni Havijengi Nyumba

Kijana akimaliza chuo na kukosa ajira, ushauri anaopewa mjini ni mmoja: fungua ukurasa Instagram, tafuta bidhaa ya bei rahisi, piga picha, posti, pesa itaingia. Wajomba wanausema, wanasiasa wanausema, na wanaousema kwa sauti kubwa kuliko wote ni wauzaji wa kozi za “biashara mtandaoni”. Ni ushauri mbovu.

Unasimama juu ya imani kwamba kwa kuwa kuanza ni rahisi, basi na kupata ni rahisi. Mambo ni kinyume. Kinachomruhusu mmoja kuanza na laki moja kinawaruhusu na maelfu wengine. Wote wanachukua mzigo Kariakoo, mara nyingi kwa wauza jumla wale wale, na wote wanaposti picha ile ile iliyotoka kwa mtengenezaji China. Mnunuzi anakutana na blenda moja ya kuchaji kwenye kurasa chungu nzima. Cha kuchagulia ni bei tu. Anayeshusha buku ndiye anayeuza leo. Kesho mwenzake anashusha buku nyingine.

Tupige hesabu. Chukulia blenda hiyo imechukuliwa kwa shilingi 15,000 na inauzwa 20,000. Elfu tano hiyo inatakiwa ilipe bando, tangazo la kulipia, mfuko na makato ya kutoa pesa. Kisha mteja wa Mbagala ameagiza kwa sharti la kulipa akipokea. Bodaboda anafika, anapiga simu, anajibiwa: “Kaka, nimetoka kidogo, njoo kesho.” Bodaboda hataki kusikia habari za kesho, anataka nauli yake ya kwenda na kurudi. Kwa safari hiyo moja, faida ya blenda mbili inaweza kuyeyuka. Hapo bado haijarudishwa ile iliyogoma kuchaji, ambayo mwenyewe ameshaandika kwenye komenti, “Matapeli hawa.”

Basi agiza mwenyewe Guangzhou au Yiwu, watasema wajuzi. Sawa, lakini bandarini nako kuna hesabu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 au 35, na ushuru huo hupigwa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima. Kisha Tanzania inaongeza VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Kitu kilichofika bandarini kwa thamani ya 10,000, kwa ushuru wa asilimia 25, kinakuwa 14,750 kabla ya tozo nyingine. Mwenye kontena zima anagawa gharama zake kwa maelfu ya vipande. Mwenye katoni mbili atazigawa kwa nini?

Wakubwa wenyewe wa biashara ya mtandaoni wamechemsha. Jumia ilianza Lagos mwaka 2012, ikaingia Soko la Hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huo huo ikafunga biashara yake Tanzania. Hadi mwaka 2024 ilikuwa haijawahi kufunga mwaka kwa faida. Wish ya Marekani, iliyojipatia jina kwa kuuza vitu vya bei chee kutoka China, iliingia soko la hisa Desemba 2020 ikiwa na thamani ya takriban dola bilioni 14. Februari 2024 ilitangaza kuuzwa kwa Qoo10 ya Singapore kwa takriban dola milioni 173. Miezi michache baadaye, masoko mawili ya Qoo10 huko Korea Kusini, Tmon na WeMakePrice, yakashindwa kuwalipa wauzaji fedha za bidhaa walizokwisha kuuza. Kama kampuni zenye maghala na mabilioni zinakwama, kijana wa Tandika na simu yake anaahidiwa muujiza gani?

Pesa ipo, ila haiko mfukoni mwa anayeposti. Zaidi ya asilimia 95 ya mapato ya Meta, wenye Instagram na Facebook, yanatokana na matangazo, nayo huuzwa kwa mnada: wauzaji wa blenda wakizidi, kila mmoja analipa zaidi ili aonekane. Mwenye kontena analipwa, msafirishaji analipwa, na mwenye kozi analipwa kabla mwanafunzi hajauza hata kijiko.

Wapo wanaofanikiwa, na hilo halina ubishi. Lakini chunguza kilicho nyuma ya ukurasa wao: duka lenye fremu Mtaa wa Kongo, mzigo unaoagizwa kwa wingi, au wateja wa jumla wa mikoani waliozoeana nao kwa miaka. Kwao simu ni kioo cha duka lililokuwepo. Kuwatolea mfano kwa asiye na duka wala mzigo ni kumdanganya.

Anayetaka kumshauri kijana kwa dhati ambane kwa maswali mawili kabla hajachukua mkopo: mzigo unautoa kwa nani, na nini kitamzuia mteja kwenda huko mwenyewe? Kama hana jibu, asinunue blenda hata moja, na kozi asiilipie kabisa.